Mtoto Mmoja, Biro Tano

Jambo kwa wamama walioko shambani na redio wameitundika kwenye tawi la mkakao. Jambo kwa wababa walioketi mbele ya duka, jambo kwa vijana wa pikipiki wanaosubiri abiria Nobili mpakani, na jambo kwa ndugu zetu wa Oicha, Mbau, Beni na Butembo wanaotusikia asubuhi hii. Ni mimi, mama yenu mwalimu. Miaka mingi nilisimama mbele ya mwaka wa kwanza, na leo nimekuja kuzungumza juu ya watoto ambao bado hawajafika huko: wale wa mgongoni, wale wanaotambaa, wale wanaokimbiza kuku uani.

Nianze na swali. Mtoto wa miaka mitatu hapa Kamango, Leta, yaani serikali, inamjua kupitia mlango gani?

Fikirini kidogo kabla ya kujibu.

Kuna atakayesema: anajulikana hospitalini, maana alizaliwa huko na chanjo alipewa huko. Sawa. Mwingine atasema: anajulikana kwenye shefferi, kwa sababu huko ndiko kuna kitabu cha etasivile, cha kuandikisha waliozaliwa. Sawa pia. Wa tatu atasema mambo ya maternele, shule ya wadogo kabla ya mwaka wa kwanza, ni ya watu wa elimu, na elimu ya upande wetu inaongozwa kutoka Butembo. Wa nne atakumbuka kwamba kama mtoto ni yatima, au wazazi wake ni wakimbizi wa ndani, basi yuko chini ya Divizio ya Mambo ya Jamii. Na wa tano atatukumbusha kwamba kuna Divizio ya Jenre, Familia na Mtoto, na neno mtoto limeandikwa palepale kwenye jina lake.

Mmehesabu? Ni biro tano. Mashirika yanayokuja na magari yao na kuondoka sijayahesabu. Biro tano kwa mtoto mmoja ambaye hata kiatu hana.

Mnajua mbuzi wa watu watano anavyokuwa. Jioni ikifika, kila mmoja anadhani mwenzake amemfunga kamba. Asubuhi mbuzi hayupo, na ukiuliza, hakuna aliyekosa.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja, na nitakirudia ili hata anayefungua redio sasa akisikie: mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini unahitaji biro moja ya watoto wadogo, biro ndogo, ambayo kazi yake ni kuwaunganisha hawa watano. Ifike mahali ambapo mtoto akikosekana, kuna mtu mmoja mwenye jina na simu ambaye tunaweza kumuuliza: huyu mtoto yuko wapi?

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Kuna siku niliketi kwenye kituo kimoja cha afya tangu asubuhi mpaka jua lilipopinda. Ilikuwa siku ya kupima kilo. Mnaijua siku hiyo. Mizani imening'inizwa kwenye boriti, mtoto anavalishwa kile kisuruali chenye mikanda, ananing'inia hewani na kulia kwa nguvu zake zote, mama anacheka na kumpigia makofi ili anyamaze, nesi anasoma mshale haraka kabla mtoto hajajinyonganyonga. Kisha ule mkanda wa kupima mkono: kijani, njano, nyekundu. Kisha kijitabu kinaandikwa, na mama anaondoka.

Akaja mama mmoja kijana. Mtoto wake, kwa kukadiria, alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Nesi akamwomba kijitabu. Mama akasema kilibaki nyumbani walipokimbia, na nyumba yenyewe iliungua. Nesi, mwanamke mwenye huruma, hakumgombeza. Akafungua kijitabu kipya. Tarehe ya kuzaliwa? Mama akakumbuka: ulikuwa wakati wa kuchuma kakao. Chanjo alizopata? Mama akaonyesha paja la mtoto: hapa walimchoma, na hapa pia. Zipi? Hajui. Nesi akaandika anachoweza. Mkanda ukasema njano. Mama akapewa shauri juu ya chakula.

Nikamwuliza mama yule: binti yangu, mtoto ana akte ya kuzaliwa? Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya nailoni. Ilikuwa sertifika ya hospitali, kitu pekee alichookoa. Akasema kwa furaha: hii hapa. Nikashindwa kumwambia palepale kwamba hiyo siyo akte. Ni karatasi ya kumpeleka kwenye etasivile akapewe akte, na sheria yetu inampa mzazi siku 90 tu za kumwandikisha mtoto bila gharama na bila shida. Siku 90 zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama ya watoto. Na mahakama hiyo haikai Kamango.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ile, nani alikosea? Nesi alifanya kazi yake. Mtu wa etasivile alikuwa mezani kwake, kilomita kadhaa kutoka pale, akingoja wazazi waje. Mwalimu wa maternele hakuwepo kwa sababu maternele haipo. Mtu wa mambo ya jamii angependa sana kujua kwamba pale kuna familia iliyounguliwa na nyumba, lakini nani angemwambia? Kila mmoja alikuwa mahali pake. Mtoto ndiye aliyekuwa katikati, na katikati hapakuwa na mtu.

Ndiyo maana nasema: biro ya kuunganisha. Narudia, ya kuunganisha. Sisemi tuwanyang'anye waganga chanjo, wala tuwanyang'anye watu wa elimu shule. Kila mmoja abaki na jembe lake. Ila awepo mtu anayesema: siku ya kupima kilo, mtu wa etasivile aje na kitabu chake akae chini ya mti uleule. Mama anapanga foleni moja. Hapa mtoto anapimwa, hapa anachanjwa, hapa anaandikwa. Inagharimu nini? Meza, kiti, na pikipiki ya kumleta karani mara moja kwa mwezi. Lakini jambo dogo kama hilo halitatokea lenyewe, kwa sababu nesi hana amri juu ya karani, na karani hana amri juu ya nesi. Kila mmoja ana mkubwa wake mbali, na wakubwa hao hawaketi meza moja.

Mtaniuliza: mama mwalimu, mkoa una haki ya kufanya hivyo, au ni mambo ya Kinshasa? Ni swali zuri. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 204, inataja mambo ambayo ni ya mikoa peke yake. Na mojawapo ni elimu ya maternele, pamoja na ya msingi na ya sekondari, kwa kufuata kanuni zinazowekwa na serikali kuu. Kwa hiyo mlango uko wazi tangu karibu miaka ishirini. Hatujaupitia tu.

Na kuna jambo lingine la wakati huu. Zamani tukisema mkoa, tulikuwa tunasema Goma, na Goma kwetu ni mbali kama Ulaya. Kuna miaka ambayo mtu wa Kamango, hata ili afike Beni hapa, alivuka kwenda Bundibugyo, akazunguka Uganda, akaingia tena nchini kwake kwa Kasindi, kwa sababu barabara ya Mbau kupitia Semuliki ilikuwa ya kifo. Tangu mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya mkoa inaketi Beni. Ni huzuni iliyoileta hapo, wala siifurahii. Lakini kwa kuwa iko hapo, basi na ituone. Gavana wetu ni wa kijeshi, tuko katika hali ya dharura tangu mwezi wa tano 2021, Bunge la mkoa halikai, na mambo yanaamuliwa kwa arete, amri ya gavana. Arete moja yaweza kuanzisha biro hii. Ila kitu kilichoanzishwa kwa sahihi ya mtu mmoja chaweza kufutwa kwa sahihi ya anayefuata. Kwa hiyo siku Bunge la mkoa litakaporudi, wabunge wetu waipe edikti, sheria ya mkoa, ili ikae.

Sasa nimsikie yule baba anayetikisa kichwa. Ninamjua, yuko katika kila kijiji. Anasema: biro nyingine! Stampu nyingine! Mkubwa mpya, naibu wake, sekretari, gari, na mwisho wa yote karatasi mpya ya kulipisha mama faranga elfu mbili. Baba, una haki. Tumechoka na biro. Tumeona biro ambazo zimezaliwa na ubao mzuri mlangoni, na mpaka leo ubao ndio kazi pekee iliyofanyika. Mimi mwenyewe nilikwenda mara tatu kwenye biro moja, sitaitaja, kuomba karatasi ya mjukuu, na mara tatu niliambiwa mwenye stampu amesafiri.

Kwa sababu hiyo naweka masharti, na ninayaweka hadharani. La kwanza: biro hii isipokee pesa ya mzazi yeyote, hata faranga moja, kwa sababu yoyote. Ikianza kulipisha, ifungwe. La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: isiwe ya Beni mjini tu. Iwe na mtu wake katika kila shefferi na kila sekta, na hapa katika shefferi yetu ya Watalinga akae Kamango, alale Kamango, ajue njia za miguu. Si lazima mtu huyo awe na diploma kubwa. Tunao tayari wale wa relai, wanaopita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, tulijifunza jambo kwa machozi: timu kutoka mbali ziliogopwa na hata kupigwa mawe, lakini jirani aliposema, watu walisikiliza. Anayejua kwamba nyumba ya tatu baada ya kijito kuna mtoto aliyezaliwa juzi ni jirani. Mpeni daftari, mpeni kitu kidogo cha mwisho wa mwezi, na mpeni mtu wa kumpigia simu. Na kila baada ya miezi mitatu biro ije hapa redioni ituambie: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wameandikwa, wangapi wamechanjwa surua walipofika miezi tisa. Tutasikiliza sote, na kila kijiji kitajua kama namba yake ni ya kweli.

Wenzetu wamefanyaje? Tuangalie jirani, tukianza na wa karibu kabisa. Uganda, pale ng'ambo tunapoona moshi wa majiko yao, iliweka sera yake ya watoto wadogo mwaka 2016, na ikaamua kwamba Wizara ya Jenre, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo itakayoshika usukani. Tanzania, nchi ambayo wanajeshi wake wa kulinda amani walimwaga damu yao hapa kwetu, kwenye kambi ya Semuliki, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2017, ilizindua mwaka 2021 mpango iliouita Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina refu, lakini ndani yake kuna wazo rahisi: afya, chakula, malezi, kujifunza na usalama wa mtoto mpaka miaka minane vitazamwe kwa pamoja, na wizara moja, ya Maendeleo ya Jamii, iwaite wengine mezani. Wizara ya Afya haikufa, wala ya Elimu haikufa. Waliitwa tu kwenye meza moja.

Kenya ina fundisho lingine, na hili watu wetu wa sheria walisikilize. Katiba yao ya 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na kaunti zilianza kazi 2013. Ni vizuri, kwa sababu kaunti iko karibu na mtu. Lakini shule ya msingi ilibaki kwa serikali kuu, na mara nyingi darasa la wadogo liko katika uwanja uleule wa shule ya msingi. Ukapita muda mrefu wa kuvutana: mwalimu wa wadogo ni wa nani, analipwa na nani, na kwa nini mshahara wake ni mdogo hivyo? Sisi tuandike siku ya kwanza nani anamlipa mwalimu wa maternele. Tusiposema mwanzoni, jibu litakuwa lilelile tunalolijua: atalipwa na wazazi.

Na hapa niingie kwenye lile ninalolijua kwa mikono yangu, darasa.

Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya Leta ni ya bure, na mimi niliishangilia. Lakini maternele haikuingia katika ubure huo. Maternele nyingi ziko mijini, Butembo na Beni, na zinalipiwa. Kijijini mzazi anafanyaje? Anamleta mtoto wa miaka minne au mitano mwaka wa kwanza, ili angalau awe mahali salama wakati mama yuko shambani. Nimekuwa na watoto wa namna hiyo. Wanalala kwenye benchi saa nne. Wanalia wakitaka kwenda nyumbani. Nyumbani wamezungumza Kitalinga au Kinande, na darasani ninawafundisha kwa Kiswahili, basi wananitazama midomo tu. Mwisho wa mwaka wanarudia, na mtoto wa miaka sita tayari anajiita mjinga. Niliwahi kusikia mmoja akisema hivyo, mimi mwalimu wake, na sijalisahau neno hilo.

Lakini mtoto huyohuyo mtazame nyumbani. Pita barabarani wakati wa kakao. Kuna turubai limetandazwa, mbegu zinaanikwa, na bibi ameketi na fimbo ya kufukuza kuku. Mtoto wa miaka minne amechuchumaa pembeni. Anatenga mbegu nzuri na zilizovunda. Anapanga mbegu kumi kwa mstari, anahesabu kwa Kitalinga, anafika saba anaruka tisa, bibi anamrekebisha bila hata kugeuza kichwa. Ile ni maternele, wapenzi wasikilizaji! Ile ni hesabu, ni lugha, ni malezi, na haijagharimu kitu. Tunachokosa ni kuikusanya.

Na kuna namna ya kuikusanya ambayo nchi yetu inaijua. Katika mikoa mbalimbali kuna zile zinazoitwa espasi komunotere za evei. Ni banda la miti na nyasi, au chumba cha kanisa ambacho katikati ya juma ni kitupu. Wazazi wanachagua mama mmoja au wawili wenye moyo na watoto, wanafundishwa kidogo, na watoto wa miaka mitatu mpaka mitano wanakuja asubuhi. Wanaimba, wanafinyanga udongo, wanahesabu vizibo vya soda, wanasikia hadithi, na saa nne wanakunywa uji wa mahindi na soya. Lakini nani anayasimamia mabanda hayo? Watu wa elimu watasema ni mambo ya jamii. Watu wa mambo ya jamii watasema kusoma ni kwa elimu. Na uji? Uji ni wa afya. Mnaona tumerudi palepale, kwa yule mbuzi.

Uji si jambo la kupita haraka. Katika Kongo yetu, kati ya watoto kumi walio chini ya miaka mitano, zaidi ya wanne wamedumaa, wafupi kuliko umri wao. Na hii ni nchi ya mvua, wasikilizaji, hapa kwetu ukiangusha mbegu inaota kabla hujageuka. Tuna ndizi, muhogo, mchele, mawese, maharagwe. Lakini mama anaamka gizani, anakwenda shamba la mbali kwa sababu la karibu limejaa hofu, anarudi jioni, na mtoto ameshinda na dada yake wa miaka saba na kipande cha muhogo baridi. Kudumaa kunaingia hivyo, kimyakimya, kwenye miaka miwili ya kwanza, na baadaye hata ukimpa nyama kila siku, muda ule haurudi.

Najua kuna atakayesema: mama, subiri vita viishe. Wapenzi, mnakumbuka mwezi wa saba 2013? Kamango ilishambuliwa, na zaidi ya watu elfu sitini walivuka kwenda Bundibugyo kwa siku chache. Wengine walijifungulia njiani, wengine kule Bubukwanga kwenye kambi. Watoto waliozaliwa wakati ule tuliwaambia wasubiri. Leo ni vijana wanaobalehe. Nani kati yao ana akte? Nani kati yao aliwahi kukaa kwenye maternele? Vita havijaisha, na utoto wao umekwisha.

Kwa hiyo hatuwezi kusubiri. Biro moja, watu wachache, mtu mmoja katika kila shefferi, hakuna pesa ya mzazi, na hesabu itolewe redioni. Barua ya kuomba jambo hili tumeanza kuiandika, sisi walimu kadhaa pamoja na wamama wa relai, na tutaisoma hapa redioni kabla ya kuipeleka Beni, ili kila mwenye neno aongeze lake. Mwenye mwandiko mzuri aje atusaidie kunakili.

Na leo, kabla hujazima redio, nakuomba kitu kidogo. Fungua sanduku, au mfuko, au pale juu ya kabati unapoweka vitu vya thamani. Toa kijitabu cha mtoto na ile karatasi ya hospitali. Hesabu siku tangu alipozaliwa. Kama hazijafika 90, kesho asubuhi mfunge mgongoni uende naye shefferi. Kama zimepita, andika jina lake, siku aliyozaliwa na jina la kijiji kwenye kipande cha karatasi, ukiache hapa redioni kwa kijana wa mlangoni. Nitakuwa hapa siku ya nne, saa mbili asubuhi, na daftari mkononi.

Mama wa mtoto anayelia hapo nyuma, namsikia mpaka humu studio, mpe ziwa kwanza.